Homa ya Kitale na Homa ya Bungoma: Takwimu na Insafu ya Tabibu

Miongoni mwa masomo yanayofundishwa katika vyuo vyetu vya utabibu na uuguzi, ni shida kulipata jingine linaloogopwa na wanafunzi wengi, na kupitiwa kwa haraka na walimu wengi, kama takwimu za afya. Mwanafunzi wa chuo cha mafunzo ya utabibu cha Kenya, KMTC, tawi la Kitale au la Bungoma, husoma anatomia akijua kwamba ipo siku ataugusa mwili ule, na husoma habari za dawa akijua kwamba ipo siku atamwandikia mgonjwa dawa zile; lakini takwimu huzisoma kama mtu alipaye kodi ya nyumba asiyoilala, akakariri kanuni ya wastani na ya mkengeuko, akaijibu karatasi ya mtihani, akapata alama zake, kisha asirudi tena. Dai langu katika makala haya ni moja: kwamba somo hili ni sehemu ya insafu ambayo tabibu anadaiwa na mgonjwa wake, na kwamba halitafahamika hivyo mpaka litolewe katika mifano ya vitabu vya ng'ambo na kutiwa katika madaftari ya zahanati zetu, katika nchi hii iliyo baina ya Bungoma na Kitale, ambayo mifano yake ni mingi na iko wazi kwa kila mwenye macho.

Tuanze na nchi yenyewe. Msafiri atokaye Bungoma kwenda Kitale, akashika barabara ya Webuye, akapita Misikhu, Kamukuywa na Kiminini, hupanda kutoka mwinuko wa takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari hadi takriban mita 1,900, na safari hiyo isiyomaliza nusu ya siku humtoa katika ukanda mmoja wa malaria na kumtia katika mwingine. Wizara ya Afya huihesabu Bungoma katika ukanda wa Ziwa, ambako malaria haikatiki mwaka mzima. Na Trans Nzoia, kaunti ya Kitale, huihesabu katika nyanda za juu, ambako malaria huzuka kwa misimu, kwa sababu baridi ya usiku huvichelewesha vimelea kukomaa tumboni mwa mbu, hata mbu wengi hufa kabla ya vimelea hivyo kuwa tayari kuambukiza. Uchunguzi wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2020, uliopima damu za watoto wa miezi 6 hadi miaka 14 kwa darubini, ulikuta vimelea katika takriban watoto 19 kwa kila 100 wa ukanda wa Ziwa, na katika takriban mtoto 1 kwa kila 100 wa nyanda za juu zenye mizuko. Hesabu hizo mbili, 19 na 1, zinatosha kumfundisha mwanafunzi jambo ambalo sura nzima ya kitabu cha takwimu aghalabu hushindwa kumfundisha.

Chukua kile kipimo cha haraka cha malaria ambacho leo kinapatikana katika zahanati nyingi. Muuguzi huichoma ncha ya kidole cha mtoto, akalifyonza tone la damu, akalidondosha katika kijitundu cha kipimo, akaongeza matone ya ile dawa ya maji inayokuja nacho, kisha akangoja dakika 15 hadi 20; ukitokea mstari mmoja tu mbele ya herufi C, husema mtoto hana malaria, na ukitokea na wa pili mbele ya herufi T, husema anayo. Sasa na tujaalie, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba kipimo hiki huwatambua watoto 90 katika kila 100 wenye vimelea, na huwaacha salama watoto 90 katika kila 100 wasio navyo. Wapime watoto 1,000 wa ukanda wa Bungoma: wenye vimelea ni 190, na kipimo kitawakamata 171 kati yao, wasio navyo ni 810, na kipimo kitawasingizia 81. Basi walioonyeshwa mistari miwili ni 252, na wa kweli ni 171, yaani kama 68 katika kila 100. Kisha wapime watoto 1,000 wa ukanda wa Kitale: wenye vimelea ni 10, na kipimo kitawakamata 9, wasio navyo ni 990, na kipimo kitawasingizia 99. Walioonyeshwa mistari miwili ni 108, na wa kweli ni 9 tu, yaani mmoja katika kila 12.

Kipimo ni kile kile, muuguzi amefunzwa mafunzo yale yale, na mistari miwili ni ile ile. Ila katika mji mmoja mistari hiyo ni ushahidi wenye nguvu, na katika mji wa pili ni tuhuma inayohitaji ushahidi mwingine. Na upande wa mstari mmoja mambo hugeuka: katika Kitale, kati ya watoto 892 watakaoambiwa hawana malaria, ni mmoja tu atakayekuwa nayo, hali katika Bungoma, kati ya watoto 748 watakaoambiwa hivyo, 19 watakuwa nayo. Kanuni inayotawala jambo hili ilichapishwa mwaka 1763 kutokana na maandishi ya Thomas Bayes, kasisi wa Kiingereza aliyekuwa amekwisha kufariki, na wanafunzi huiona ubaoni ikiwa imevaa alama za hesabu hata wakadhani ni siri ya wataalamu. Kumbe yote inayoyasema ni kwamba thamani ya habari mpya hutegemea ulichokuwa ukikijua kabla haijafika.

Mwanafunzi mwerevu atanipinga hapa, na nataka anipinge, maana kupinga huko ndiko kuanza kusoma takwimu. Atasema kwamba watoto wafikao zahanati hawafanani na watoto waliopimwa nyumbani kwao na wachunguzi wa wizara, kwa kuwa wa zahanati wamekuja na homa, na kwa hiyo uwezekano wao wa kuwa na malaria ni mkubwa kuliko 1 au 19 katika 100. Amesema kweli. Atasema pia kwamba mtoto wa Bungoma aweza kuwa na vimelea damuni na homa yake ikawa imetokana na nimonia, au kwamba protini ya vimelea inayotafutwa na vipimo vingi vya namna hii huweza kubaki damuni kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kutibiwa na kupona. Amesema kweli tena. Na atakapoongeza kwamba si kila mtoto anayelala Kitale ni wa Kitale, kwa kuwa likizo za shule na misiba na harusi huwashusha watu Bungoma na kuwapandisha tena, basi hapo atakuwa amefika penyewe. Swali la kawaida la muuguzi, "Mama, mtoto alisafiri wiki hizi mbili?", ambalo huulizwa juu juu na jibu lake aghalabu halitiwi daftarini, lina nguvu ya kumhamisha mtoto kutoka katika elfu moja ya Kitale na kumtia katika elfu moja ya Bungoma, na kwa hiyo ni la kitakwimu sawasawa na lolote litolewalo katika mtihani.

Matokeo ya kutolijua hilo ni mazito. Mtoto aliyesingiziwa malaria hupewa dawa mseto ya malaria, akarudishwa nyumbani, na nimonia yake ikaendelea kifuani huku mama akingoja dawa ifanye kazi. Mtoto mwingine, wa Bungoma, aliyeambiwa hana, huachiliwa na tabibu aliyeuamini mstari mmoja kupita kiasi. Hakuna kati ya matabibu hao wawili aliyekuwa mvivu au mwenye moyo mbaya. Kilichokosekana ni hesabu ya dakika tano ambayo hakuna aliyewazoesha kuifanya.

Wala asidhani mtu kwamba nchi hii ni mahali pa kuazimia mifano tu. Ilimu yenyewe ya majaribio imefanyiwa kazi hapa, tena kazi iliyosomwa ulimwenguni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, walitazama tabia ya watu wengi wa magharibi ya Kenya ya kwenda moja kwa moja katika duka la dawa wapatwapo na homa, wakanunua dawa ya malaria bila ya kupimwa. Wakauliza kama wahudumu wa afya ya jamii, wakiwapima watu bure mitaani mwao na kuwapa wenye malaria hati ya kupunguziwa bei ya dawa mseto dukani, wataibadili tabia hiyo. Walizichukua jumuiya za afya 32 katika Bungoma Mashariki na Kiminini, zenye watu wapatao 160,000, wakazigawa nusu kwa nusu kwa kura ya bahati nasibu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba upimaji uliongezeka na kwamba dawa ziliwaendea zaidi wale waliozistahili.

Katika jaribio hilo moja mna masomo mawili ambayo mwanafunzi angeyakariri kwa taabu kitabuni. La kwanza ni sababu ya kura. Lau watafiti wangewaachia wahudumu wenye bidii wajitokeze wenyewe, kisha wakawalinganisha na waliobaki, wasingejua kama kilicholeta tofauti ni hati ile au ni bidii ile. Kura haina upendeleo kwa mwenye bidii wala kwa mvivu, kwa tajiri wala kwa fakiri, na kwa hiyo huyagawa hata yale mambo ambayo mtafiti hakuyafikiria. La pili ni sababu ya kuzipigia kura jumuiya badala ya kuwapigia watu mmoja mmoja: jirani humwambia jirani, na hati ya mmoja yaweza kuishia mikononi mwa mwingine, tena watu wa kijiji kimoja hufanana kwa maji, kwa mbu na kwa umbali wa duka, hata watu 160,000 hao hawawezi kuhesabiwa kama mashahidi 160,000 walio mbali mbali. Mwenye kulisahau hilo hujipa yakini asiyokuwa nayo.

Jaribio la pili lina funzo la unyenyekevu. Baina ya mwaka 2012 na 2014, katika vijiji vya Bungoma, Kakamega na Vihiga, waliandikishwa wanawake wajawazito 8,246, na vijiji vyao vikagawanywa kwa kura katika vikundi 8: vingine vikasaidiwa kutia klorini katika maji, vingine vikapata vyoo bora, vingine mahali pa kunawia mikono, vingine lishe ya nyongeza kwa watoto, vingine mchanganyiko wa hayo, na vingine havikupata kitu katika hayo ili viwe kipimo cha kulinganishia. Kila mwenye akili angebashiri kwamba kuharisha kutapungua. Nami ningebashiri hivyo. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2018, hakuna huduma hata moja iliyoonekana kupunguza kuharisha kwa watoto, ambako katika kundi la kulinganishia kulikuwa takriban 27 kwa kila 100. Jaribio ndugu yake, lililofanywa Bangladesh kwa mpango unaofanana nalo, lilionyesha kuharisha kumepungua karibu katika vikundi vyote vilivyohudumiwa, ila huko kuharisha kulikuwa kidogo tangu mwanzo, na wahamasishaji walizizuru nyumba mara nyingi zaidi. Mwanafunzi atakayeulizwa kwa nini ukweli wa Bangladesh usisafirishwe mzima mzima hadi Bumula katika Bungoma, na akajibu kwa hoja hizo, ameelewa takwimu kuliko atakayejaza karatasi tatu za kanuni.

Kulikuwa na faida katika jaribio la Kenya: watoto waliopewa lishe walirefuka zaidi ya wenzao. Lakini kwa kiasi gani? Ripoti ilisema tofauti ya wastani ilikuwa sehemu 0.13 ya mkengeuko mmoja, na mipaka ya yakini kutoka 0.01 hadi 0.25. Sentensi kama hiyo huwafanya wanafunzi wengi wafumbe macho, na ndipo mwalimu anapopaswa kuifumbua. Kwa mtoto wa miaka miwili, mkengeuko mmoja wa urefu ni kama sentimita 3, basi 0.13 yake ni kama milimita 4. Mipaka ile nayo hutuambia kwamba, lau utafiti ungerudiwa mara nyingi kwa njia ile ile, mipaka itengenezwayo hivyo ingeizunguka hakika mara 95 katika kila 100. Na hii tuliyopewa inaanzia karibu na sifuri na kuishia karibu na milimita 8. Kwa hiyo gazeti lingeweza kuandika kwamba lishe huwarefusha watoto, lisiseme uwongo. Na mtu aliyesoma takwimu angeuliza mara moja, kwa milimita ngapi, na kwa gharama gani, na je, milimita hizo ni dalili ya afya bora iliyofichika au ni milimita tu. Kujua kwamba jambo lipo na kujua kwamba jambo ni kubwa ni maarifa mawili mbali mbali, na fedha nyingi za afya hupotea katika kuyachanganya.

Yapo mengine madogo, ambayo nitayapitia kwa haraka kwa kuwa ni mepesi pindi yanapoonyeshwa mahali pake. Wazazi watano wakilazwa katika wodi ya uzazi siku 1, 1, 2, 2 na 34, wastani wao ni siku 8, na hakuna hata mmoja wao aliyekaa siku 8. Mwenye kupanga vitanda kwa wastani huo atavipanga vibaya, na aliyemchagua mzazi wa katikati, mwenye siku 2, ameijua wodi. Hospitali kubwa ya rufaa ya Kitale ikihesabiwa vifo vyake na kulinganishwa na zahanati ya kijijini, itaonekana inaua, kwa sababu hupelekewa wagonjwa waliokwisha kuzidiwa, wengine kutoka Pokot Magharibi na Turkana, hali zahanati huwapeleka wake mbele kabla hawajafia kwake. Na kuihukumu hospitali hiyo bila ya kuuliza ni nani waliopokelewa ni dhuluma iliyovikwa vazi la hesabu. Na wastani wa kaunti nzima ya Bungoma hauwezi kuwa na habari za Kapsokwony, penye baridi ya Mlima Elgon, na za Bumula bondeni, kwa wakati mmoja.

Nirudi kwenye madaftari niliyoyataja mwanzoni, maana yanastahili neno zaidi. Tangu mwaka 2011 takwimu za vituo vya afya vya Kenya hukusanywa katika mfumo mmoja wa kompyuta wa taifa, lakini chimbuko lake lingali karatasi: daftari la wagonjwa wa nje, na fomu kama MOH 705A ambayo hujumlisha maradhi ya watoto wa chini ya miaka mitano siku kwa siku. Mwanafunzi akiifungua fomu hiyo akaona kisanduku kitupu, ajue kwamba utupu si sifuri. Yaweza kuwa hakuna aliyeugua, na yaweza kuwa hakuna aliyeandika. Akichora mchoro wa mwaka 2017 akaona wagonjwa wa vituo vya serikali wamepungua kuanzia Juni hadi Novemba, asikimbilie kuandika kwamba maradhi yalipungua: miezi hiyo wauguzi walikuwa katika mgomo, na wagonjwa walikuwepo, ila hapakuwa na wa kuwahesabu. Vivyo hivyo kwa uzazi: huduma ya uzazi ilipofanywa bure katika vituo vya umma tarehe 1 Juni 2013, waliojifungulia vituoni wakaongezeka, na katika kuongezeka huko hata matatizo ya uzazi yaliyoandikwa yasingekosa kuongezeka, bila ya uzazi wenyewe kuwa wa hatari zaidi. Kila hesabu iliyo juu ya mstari wa sehemu ina wenzake walio chini yake, na aliyepewa ya juu peke yake hajapewa habari.

Watasema wakuu wa vyuo kwamba muda hautoshi, na kwamba wanafunzi wengi wamekuja na hesabu dhaifu kutoka sekondari. Najibu kwamba hesabu zote zilizofanywa katika makala haya ni za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, na zinafunzwa katika shule ya msingi. Udhaifu uliopo ni wa mazoea ya kuuliza, wala hautaponywa kwa kuongeza kanuni. Watasema wengine kwamba kompyuta siku hizi hukokotoa kila kitu. Ni kweli hukokotoa; lakini kompyuta haijui kwamba mtoto alikuwa Bungoma wiki iliyopita, wala haikumbuki mgomo, na itautoa wastani wa siku 8 kwa utii ule ule ambao ingeitoa nao hesabu ya katikati, siku 2.

Basi napendekeza mambo matatu, yote yakiwa ndani ya uwezo wa vyuo na kaunti hizi mbili bila ya kungoja Nairobi. Kwanza, kila mwanafunzi, kabla hajakalia mtihani wa takwimu, apewe mwezi mmoja wa daftari la zahanati, majina ya wagonjwa yakiwa yameondolewa na ruhusa ikiwa imetolewa na msimamizi wa kituo, ahesabu mwenyewe, aandike ukurasa mmoja wa matokeo kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na ukurasa huo urudishwe kwa msimamizi autumie. Pili, nusu ya maswali ya mtihani iwe ya hukumu: apewe mtoto wa Kiminini mwenye mistari miwili na kikohozi cha siku tatu, asiyesafiri, aulizwe atafanya nini na kwa nini. Tatu, idara za afya za Bungoma na Trans Nzoia, ambazo kila mwezi hupokea fomu kutoka vituoni, zirudishe kwa kila kituo muhtasari wake mara moja kwa kila robo mwaka, ukiwa na ya juu ya mstari na ya chini yake, ubandikwe ukutani ambapo muuguzi na mgonjwa wote wauone. Hakuna katika hayo lenye kuhitaji jengo jipya wala mfadhili. Linalohitajika ni kwamba anayefundisha somo hili ashuke zahanati pamoja na wanafunzi wake, na kwamba mkuu wa chuo, atakapopanga ratiba ya muhula ujao, amwachie siku za kufanya hivyo.